Pindua Chungu

Usikitazame mdomo. Kipindue.
Historia ya karakana yetu iko kitakoni.

Kucha mbili, zimelala sambamba
kama reli pale Uvinza:
hao ni Bukuru na Butoyi, mama zangu,
pacha mmoja alinizaa, mwingine akanilea,
na udongo wa Malagarasi haukuuliza yupi ni yupi.
Walianza kwa kuwafinyangia wachemsha chumvi,
vyungu vya kufa siku ya tatu,
vinywe maji ya chumvi hadi vipasuke,
malipo kibaba kimoja, tena cha kuparaza.

Ukucha mmoja.
Masika, homa, reli imesombwa, treni ya dawa imekwama Kaliua.
Vya mwaka ule ni arobaini.
Vyote vimeinama kidogo upande wa kushoto,
upande aliokuwa akikaa Butoyi.

Halafu muhuri: KU, na namba.
Karakana ya Ushirika. Meza, ofisa, daftari la mahudhurio,
vikombe mia sita vya hoteli
iliyofungwa kabla ya kulipa.
Mama aliviita mayatima.
Mpaka leo tunapimia mawese.

Hiki shika kwa mikono miwili.
Ngozi yake ya chungwa si ufundi, ni uvivu wa Gwimo:
kuni za miombo zilimwishia usiku wa manane,
akatupia tanurini magunia ya chumvi,
na chumvi iliyosalia humo.
Asubuhi vyungu vikatoka vinang'aa
kama watu waliotokwa jasho.
Mama akakigonga kimoja kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza.
Hakusifu.
"Rudia," akasema.
Tulirudia miezi kumi na moja.
Tanuri tulilibomoa mara mbili.

Wakaja wanunuzi kutoka Dar, wakitaka sahihi,
wakitaka jina la mtindo.
Aliwajibu akiwa anakula,
ugali wa muhogo na migebuka, ndani ya kipande
cha chungu kilichovunjika tangu enzi za kibaba.
Mfinyanzi hulia gaeni, akacheka,
akawaongezea bei.

Hiki cha mwisho hakina kitu.
Usihangaike na tochi.
Alikikata kwa uzi jioni, mkono umemchoka,
akakiweka kwenye rafu,
akasema ukucha atautia kesho,
kikikaza kidogo.

Kilikaza.
Nimekichoma hivyo hivyo.