Nusu kwa Nusu

Basi lilinishusha Sinop saa kumi na moja alfajiri,
mimi, begi moja, na mashua ya mbao
niliyoifunga kwa taulo, milingoti yake miwili
ikinichoma mbavu tangu Chorum.

Watu hawaji huku. Wanakwenda kusini,
kwenye maji ya uvuguvugu na hoteli za vioo.
Mwenye kibanda cha chai aliniuliza, "Umepotea?"
kwa sauti ya mtu anayetumaini kuwa ndiyo.

Nilianza na ukuta, kama kila mgeni.
Wafalme wameujenga, wafalme wameubomoa,
waliofuata wakaziba matundu kwa walichokikuta:
nguzo za hekalu zimelazwa humo kama magogo,
na juu ya jiwe moja, kwa Kigiriki, nusu ya jina la mtu.
Nusu nyingine imemezwa na chokaa.

Kisha gereza, ambalo siku hizi hutazamwa tu.
Tiketi, mshale, kamba nyekundu.
Unyevu haujaambiwa kwamba wafungwa wameondoka;
bado hupanda ukutani usiku kuwahesabu.
Babu yangu alikaa humu miaka sita.
Kwa kosa gani? Nyumbani, aliyeuliza
aliongezewa wali.
Karakana ya mbao ipo: benchi, vumbi, harufu ya gundi,
au labda harufu nilikuja nayo mwenyewe.
Hapa aliichonga, mtu wa Konya
aliyeijua bahari kwa masikio tu,
ikigonga upande wa pili wa jiwe.
Ndiyo maana, nadhani, usukani wake uko kombo.

Mchana nilikodi teksi ya Dursun,
jina apewalo mtoto ili abaki,
wakubwa zake wakiwa wametangulia.
Tukaenda Sarıkum: msitu unashuka mchangani bila kubisha hodi,
ziwa limejificha nyuma ya tuta,
na farasi, kumi au zaidi, wamesimama majini hadi magotini.
"Wa nani?"
"Walikuwa wa watu. Trekta zilipokuja, wakaachiwa."
Mmoja akanitazama
kama mtu aliyezoea kutoulizwa habari zake.

Njaa ikanirudisha mjini, kwa Bi Nuriye,
ambaye hata miwani yake ilikuwa na unga.
Manti: vimfuko vya nyama visivyozidi ukucha,
sahani moja, upande huu mtindi na kitunguu saumu,
upande huu siagi na jozi zilizopondwa.
"Nusu kwa nusu," alisema. Hakuwa anauliza.

Nikalifungua taulo.
Akafuta mikono, akaigeuza mashua, akanusa tumbo lake.
"Za mle ndani," akasema. "Mama yangu
alikuwa akipika hapa siku za kutembelea.
Kuna mwanamke wa bara, alikuja kila Machi,
mtandio wa kijani, hasemi.
Alikula upande wa jozi tu, polepole.
Wa mtindi aliomba afungiwe, apelekewe mtu.
Aliyeula ni mlinzi wa langoni.
Mama alijua. Hakumwambia."

Akapangusa meza isiyo na kitu.
"Na usiende kusema ndiyo asili ya sahani hii.
Sahani ilikuwepo. Ni yeye tu aliyeila hivyo."

Bibi yangu alikufa akisema hajapata kuiona bahari.
Mtandio wa kijani uko kwa shangazi, kwenye sanduku,
pamoja na jozi ya viatu vya kiume
visivyovaliwa.

Nilimaliza upande mmoja.
Nikakaa na ule mwingine
hadi mtindi ukaota ngozi,
na nje mtu akapita akinadi dagaa wa asubuhi kwa bei ya jioni.

"Kula," alisema Bi Nuriye, mgongo wake kwangu,
akikata unga vipande, vipande.
"Langoni hakuna mtu siku hizi."

Ulikuwa umepoa, mkali kwa kitunguu saumu.
Niliula wote.