Chupa ya Arobaini na Saba

Mize, siku ile dirishani nilikupa karatasi
na maneno matatu: mpeleke kwa daktari.
Nyuma yako foleni ilifika mlangoni,
mtu wa malaria, mtu wa sukari, mtu wa sijui nini.
Mengine nimebaki nayo.

Ulishuka Wete na dumu nililokupa,
mkojo wa mchana na usiku, umelivika kanga
kama abebaye kichanga, watu wasijue.
Shaame kasimama pembeni, miaka minne,
kimo cha mtoto wa darasa la tatu,
sauti nzito, ya kuadhinia.
Kwa sauti hiyo akatuuliza chumvi iko wapi.

Ukacheka kwa haya. Wenziwe huiba sukari, ulisema,
huyu huiba chumvi, huilamba kiganjani
akafumba macho.
Mama mkwe kasema ni mgeni wa kichwani, anadai ubani.
Baba mtu hakusema. Alihamia Tanga.

Mimi nikakuandika namba.

Mashine yetu, Mize, haina staha.
Daktari huuliza swali moja, akajibiwa moja;
hii hufungua mlango ikahesabu wote waliomo ndani:
kahawa ya alasiri, panadoli ya juzi,
karafuu aliyotafuna mtu kwa jino bovu.
Kila chembe kwa uzito wake, kila uzito na kilele chake kiooni.
Umeme ulikatika mara mbili.
Mara ya tatu ikasema.

Wewe wa bondeni Piki, mwenye majaluba ya mpunga,
ungenielewa upesi kuliko nilivyomwelewa mwalimu wangu.
Mwili huanza na mafuta.
Mafuta hushuka mfereji kwa mfereji,
na kila kizingiti kina mlinzi,
anabandua hapa, anabandika pale,
kinachopita kinabadilika jina: projesteroni,
halafu jina jingine, halafu jingine,
hadi kotisoli, imshikayo mgonjwa asianguke,
na aldosteroni, inayoizuia chumvi isitoke na mkojo.

Kwa Shaame mlinzi mmoja amesinzia.
Hakufa. Amesinzia, ndiyo maana mtoto yuko.
Maji hayakusimama, maji hayajui kusimama;
yakapanda tuta yakaingia jaluba la jirani,
jaluba la utu uzima,
likachipua kabla ya masika yake.
Kiooni nikaona mnara pasipostahili mnara,
na penye kotisoli pamelala,
pwani iliyokupwa.

Si mgeni wa kichwani. Ni kizingiti.

Usiku ule nikaisoma tena kadi yako ya uzazi.
Wa kwanza: mvulana, siku kumi na mbili, kutapika.
Wa pili: mvulana, siku kumi na tano, kutapika, kuharisha.
Aliyeandika kaandika alichokiona, simlaumu.
Friza yangu ni nyuzi themanini chini ya sifuri,
ina chupa mia mbili na kumi.
Zao hazimo.
Siwezi kuapa. Wala siwezi tena kutojua.

Leo mtoto wa Bikombo kaniletea salamu zako.
Vidonge ni vichungu, unavikata robo kwa wembe,
asubuhi, adhuhuri, usiku.
Sauti haitorudi nyuma, daktari kakwambia,
nawe ukamjibu basi na aadhini mapema.
Chungu cha chumvi umekishusha darini,
kiko wazi jikoni wiki ya pili,
kimeingia unyevu, chumvi imeganda,
na hakuna aliyekigusa.

Kisha kijana akakuna kichwa,
akakumbuka lililobaki:
anauliza, na wale wawili je?

Kumbe ulikwishafika kabla yangu, bila mashine.

Nitakuja Alkhamisi, hakuna foleni.
Nitakuja na kadi.
Usipike.