Kiputo cha Pimamaji

Nilikuja Langoni na sauti moja tu,
niliyoirithi kwa msimamizi wangu wa kwanza kule Malindi,
mtu aliyepiga hodi kwa kiatu.
Nilikuwa na daftari, ratiba ya wiki kumi na nne,
na nyumba kuukuu ya mawe ya kugeuzwa zahanati ya wazazi
kabla ya Ramadhani.

Siku ya kwanza nilimfokea Fundi Shee Bunu.
Nilimwambia lipu yake inakwenda kama konokono,
mbele ya vijana, mbele ya punda.
Hakunijibu. Aliosha mwiko,
akaukausha kwa upindo wa kikoi,
akaniaga kwa adabu iliyoniumiza,
akaenda zake.
Siku tatu ukuta ulikaa uchi.
Siku ya nne nilipanda ngazi za kwao Mkomani
na halwa mkononi, maneno nimeyaacha mlangoni.
Akanimiminia kahawa.
"Chokaa umeiona ikilowekwa?"
Nikasema sijaiona.
Huo ndio ukawa msamaha wangu.

Tangu hapo kwa Shee sikuwa na amri.
Nilikuwa na swali moja la asubuhi, "Leo wahitaji nini?"
na mara nyingi alihitaji niondoke.

Nikadhani nimepata dawa.
Nikaipeleka kwa vijana wa mchanga,
kumi na mmoja, wengine hawajawahi kushika koleo:
"Mwaonaje? Tuanzie wapi?"
Wakatazamana.
Mmoja akaanzia kivulini, wenzake wakamfuata.
Nikawaita wavivu moyoni, nami ndiye mwenye kosa:
waliomba ndoo, nikawapa bahari.

Kesho yake: safari ishirini za punda kabla ya adhuhuri,
Dzombo pakia, Hiribae ongoza, Katana hesabu.
Saa tano na nusu wamemaliza, wanacheka,
na Dzombo ananionyesha kwa nini shogi la kushoto
lipungue kidogo penye kona ya msikiti.
Nikaandika daftarini:
Dzombo, mwezi ujao, asiambiwe.

Mwanamize wa stoo nilimkagua mara mbili kwa siku,
risiti kwa risiti, msumari kwa msumari,
hadi aliponiwekea funguo mezani.
"Basi zilinde wewe."
Nilizirudisha kabla chai haijapoa.
Misumari haikupungua. Usingizi wangu ndio uliongezeka.

Kisha Jumatano ya wiki ya tisa
boriti ya ukumbini ikalia.
Si kwa nguvu; kama mtu anayegeuka kitandani.
Nami, mwanafunzi mwema wa kuuliza,
nikafungua mdomo: "Jamani, mwaonaje..."
"Amuru, mama!" Shee akapaza sauti kutoka juu ya kiunzi.
"Amuru!"

Nikaiita ile sauti ya Malindi.
Ikaja na kiatu chake.
"Tokeni! Acheni vyombo! Katana, acha hilo koleo!"
Tukasimama uchochoroni tukihesabiana,
na dari ikashuka nyuma yetu na vumbi la miaka mia.
Koleo lilipinda. Watu walitimia.

Shee akajipangusa nyusi.
"Ile usiitupe," akasema.
"Ilikuwa yatafuta siku yake."

Ramadhani ilitukuta na madirisha mawili hayana vioo.
Leo wafadhili wameniletea fomu:
Eleza mtindo wako wa uongozi.
Mistari miwili.

Dirishani pimamaji imelala,
kiputo chake kinatangatanga kila nikiigusa meza.
Kingegandishwa katikati
kila ukuta Lamu nzima ungesomeka umenyooka,
na siku moja ungetuangukia.

Nimeandika mstari mmoja, nikaufuta.
Nje Dzombo anamkaripia kijana mpya wa mchanga
kwa sauti ninayoitambua.
Naweka kalamu chini,
natoka kumwita chai.