Mwiko

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mimi samaki alinikunja nimeshakomaa:
miaka thelathini na minne, Jumapili, saa nane mchana,
kipande cha sato kisichozidi kidole.
Midomo ikaumuka kama andazi kwenye mafuta,
koo likafunga mlango likameza ufunguo.

Mimi! Mtoto wa Igombe,
niliyejifunza kusimama kwa kushika vichanja vya dagaa,
niliyesomeshwa kwa dagaa, debe kwa debe,
hata joho la mahafali lilinuka dagaa.

Daktari wa Bugando aliandika neno moja: mzio.
Nikampigia mama. Kimya. Kisha:
"Ziwa umelikosea nini?"

Tangu hapo nasoma masufuria.
Mafuta yaliyokaanga sangara asubuhi
ndiyo yanayokaanga chipsi jioni.
Mchicha wa mama lishe umeungwa kwa unga wa dagaa,
"kidogo tu, dada, kwa utamu."
Hicho kidogo ndicho kinachoniua.

Halafu Nansio, ukweni, mara ya kwanza.
Mama Magesa kamchagua sato mwenyewe, mwaloni, alfajiri,
mkia unaning'inia nje ya sinia.
Macho mawili yananitazama, la tatu na la nne ni ya mama mkwe.
Magesa anakohoa.
Nikisema mzio, watasikia maringo ya mjini.
Nikisema ugonjwa, watahesabu wajukuu wasiozaliwa.
Nikasema: "Mama, kwetu ni mwiko."

Uso wake ukafunguka.
"Si ungesema! Mimi kondoo sijamwonja tangu nizaliwe,
na hakuna aliyeniuliza kwa nini."
Akaniletea maharage,
akayapakua
kwa mwiko uliotoka kwenye mchuzi wa sato,
bado unachuruzika.

Kinachokatazwa na kinachopakua, neno moja.
Nani alitutungia utani huu?

Nikamshika mkono. "Mama, subiri."
Nikamwonyesha sindano mkobani,
na picha ya siku ile, jicho halionekani.
Aliitazama sana, akaisogeza mwangani.
"Huyu ni wewe, Milembe?"
Hakusema zaidi. Alitoka uani,
nikasikia majivu yakisugua sufuria, yakisugua, yakisugua,
kama mtu anayemfukuza mwizi.

Safari ya pili nilikuta mwiko mpya
kwenye msumari wake peke yake, uzi mwekundu shingoni.
Mtoto wa wifi aliugusa akapigwa kofi.

Watu hudhani hadithi inaishia hapo.
Lakini usiku, Kirumba, upepo ukitoka ziwani
na jirani akikaanga dagaa kwa nyanya na pilipili,
nafunga dirisha. Nalifungua. Nalifunga.
Magesa analala, mikono kaiosha kwa sabuni mara mbili.
Na mimi, gizani, aibu tupu,
mate yananitoka.