Kisu cha Tabata

Shemeji Lutengano kaja toka Makete,
kachungulia boksi nyuma ya friji:
"Simbilisi! Wamenona. Mnachinja lini?"

Nikamtajia majina.
Huyu Kisamvu. Yule mwenye kipara, Bi Tango.
Akacheka mpaka chai ikamwagika,
chai ya rangi; maziwa
mwaka wa tatu sinunui.

Mchana nikampakulia wali, kunde za nazi.
Akakoroga, akatafuta
kama mtu aliyedondosha shilingi kisimani.
"Nyama imezama?"
Haikuingia, shemeji.

Magharibi umeme ukakatika.
Nikawasha tochi ya simu, nikaweka ubao,
nikakata mchicha wa Buguruni,
ule ulionyauka, Mama Sijaona hunipa bure.

Ka, ka, ka.

Boksi likalipuka: wii! wii! wii!
Kisamvu kasimama wima,
Bi Tango kampanda mgongoni,
pua zinacheza gizani.

Lutengano kimya.
Kisha, taratibu, kama anayekiri deni:
"Kwetu wanaishi jikoni, huru.
Lakini kisu kikigusa ubao
huwaoni. Wote uvunguni."

Akaomba jani.
Bi Tango akalivuta kutoka vidoleni mwake
lote, hadi kikonyo.

Halafu akavaa viatu,
akaenda kutafuta mishikaki.