Nafasi ya Mwanzilishi

Fomu imeletwa na bodaboda kutoka ofisi ya mzunguko, Malindi mjini:
nakala tatu, ijazwe kwa herufi kubwa.
JINA LA KANISA. Hilo rahisi: Methodisti, Ganda.
IDADI YA WASHIRIKA. Mia moja arobaini na mmoja,
ukiwatoa wa Krismasi na wa mazishi.
MWANZILISHI.
Hapo kalamu imekwama tangu saa nne.

Daftari la kwanza, lililoliwa pembe na mchwa, lasema:
Mwalimu Hiribae Komora aliwasili kutoka Tana
na Biblia ya Kipokomo na baisikeli isiyo na breki.
Alisoma Kipokomo, wakasikia Kigiriama;
palipopungua neno, alikohoa, wakaelewa.

Alifikia wapi? Daftari kimya.
Mamangu, kitindamimba wa Nyevu, hanyamazi:
alifikia jikoni, mvua ya mwaka, mafiga yangali moto,
wakaomba wima kwa kuwa sakafu ilikuwa maji,
na Nyevu akasonga sima ya watu kumi na wawili
kwa unga wa wanne.

Jumapili ya tano wakaunda kamati.
Mwenyekiti, katibu, mweka hazina: wanaume watatu
juu ya magogo aliyoyabeba yeye.
Hazina: kopo la kahawa, senti thelathini, na yai.
Wakabishana saa nzima,
yai ni zaka au ni sadaka?
Nyevu akalichemsha.

Siku ya kutia sahihi yalitakiwa majina saba.
Sita yapo, kwa mwandiko wa kujitutumua.
La saba: alama ya dole gumba, mwenye jiko.
Basi. Mwenye jiko.

Leo tuna mchungaji mmoja wa makanisa tisa,
wadhamini, wasimamizi, akina mama wenye sare,
barua zinazopanda hadi sinodi
na kushuka zimegongwa mhuri.
Sidharau. Mhuri ulituokoa
yule tajiri alipokitaka kiwanja:
hakimu aliomba karatasi, tukatoa karatasi,
na chini yake lile dole,
mistari yake kama shamba la jembe la mkono.

Nafasi ya MWANZILISHI ina sentimita sita.
Mweka hazina Tsuma anasema, andika Komora,
sinodi inamjua.
Nimeandika Komora.

Kisha nimezunguka nyuma, kwenye jiko la kanisa,
nimepaka dole langu masizi ya sufuria
na kuligandamiza kando ya jina, nakala zote tatu.

Wakiuliza, nitasema wino ulivuja.