Bitana

Mama alipima shingo za wengine miaka thelathini,
Khainza wa cherehani, Mbale, kibarazani kwa muuza vifungo,
na yake akaifunga skafu.
Rovu, tulisema.
Kwetu Bududa nani hana shangazi mwenye rovu?

Mulago, daktari kijana alichora nyuma ya bahasha:
hii tezi, huu moyo, huu utando unaouzunguka.
Saratani imeshuka.
Maji yamejaa hapo katikati,
moyo umekosa nafasi ya kupiga.

"Kumbe una bitana," mama akasema,
sauti ikikwaruza kama mkasi butu.
"Bitana ikilowa, koti halikai."

Daktari akanitazama mimi.

Sindano iliingilia chini ya mfupa wa kifua.
Yakatoka mekundu, chupa ya soda na nusu.
Usiku ule alilala chali,
mara ya kwanza tangu Pasaka.
Asubuhi akauliza wameziba kwa uzi gani.

Hawakuziba, mama.

Akanyamaza.
Akavuta pindo la shuka la hospitali, akaligeuza,
akaupitisha mshono katikati ya vidole.
"Huyu naye," akasema,
"alikuwa na haraka."